Aproni isiyo na tope: jibu kwa msomaji aliyepewa picha ya watoto bustanini

Swali: "Bibi niliyekuwa namhudumia Uingereza alipofariki, bintiye alinipa picha ndogo ya ukutani, nami nimerudi nayo nyumbani Tanga. Kuna nyumba ya zamani iliyoezekwa nyasi, bustani yenye maua marefu kuliko watoto, msichana wa kama miaka tisa amempakata mtoto mchanga, na mdogo wao anachuma maua. Pembeni chini kuna herufi B na F zilizoshikana. Mama yangu ameitazama akasema, 'Watoto gani hawa hawana hata tone la tope?' Naomba kujua: ni mchoro wa mkono au imechapwa? Na je, watoto wa Uingereza ya enzi hizo waliishi hivi kweli?"

Jibu:

Dada, mfikishie mama shikamoo yangu, kisha umwambie kwamba ameanzia pale pale ambapo ningeanzia mimi baada ya miaka mingi ya kutunza michoro ya karatasi: kwenye nguo nyeupe. Una maswali mawili, na yote mawili yanapita katika aproni ya huyo msichana. Nivumilie tu nikianza mbali kidogo.

Herufi B na F zilizoshikana ni alama ya Myles Birket Foster, mmoja wa wachoraji wa rangi za maji waliopendwa mno na Waingereza zama za Malkia Victoria. Alizaliwa mwaka 1825 North Shields, kaskazini-mashariki mwa Uingereza, katika familia ya Wakweka, dhehebu dogo la Kikristo, akahamishiwa London angali mdogo. Hakuanza na rangi. Alianza kwa kujifunza kazi katika karakana ya Ebenezer Landells, mchongaji wa picha za kuchapia. Siku hizo gazeti lilipotaka picha, mchoraji aliichora juu ya kibao cha mti mgumu kilichopakwa weupe, kisha mchongaji akachimba kila mahali pasipotakiwa kushika wino. Kibao chenyewe kilikuwa kidogo, kwa hiyo kila jani na kila unyasi ulichorwa kwa ncha. Foster alikaa katika kazi hiyo ya magazeti na vitabu miaka mingi, akageukia rangi za maji mwishoni mwa miaka ya 1850. Mwaka 1860 alipokewa katika Chama cha Wachoraji wa Rangi za Maji, kile kilichoanzishwa London mwaka 1804, na mwaka 1862 akawa mwanachama kamili.

Nakusimulia haya kwa sababu mkono wake haukukisahau kibao. Wachoraji wengi wa rangi za maji hulowesha karatasi, wakaiacha rangi itambae yenyewe, ikauke ikiwa na kingo zake. Foster alichora kwa brashi nyembamba yenye rangi kidogo na maji machache zaidi, akijaza shavu la mtoto kwa vidoti na vistari vingi mno vilivyokaribiana, kama mtu anayesuka ukili. Tena alipenda sana nyeupe ya zinki, rangi nzito isiyopitisha mwanga, iliyoingizwa sokoni na kampuni ya Winsor & Newton mwaka 1834 kwa jina la nyeupe ya Kichina. Rangi ya maji ya kawaida ni unga wa rangi uliofungwa kwa gundi ya mgunga, inayogemwa Sudan na Senegali. (Watu wa pwani wasiichanganye na sandarusi iliyosafirishwa kutoka Unguja karne hiyo hiyo; sandarusi ilitengenezewa vanishi.) Rangi hiyo ni nyepesi na karatasi inaonekana chini yake, hivyo mchoraji wa mtindo wa zamani akitaka weupe haongezi kitu: huiacha karatasi tupu. Mwenye nyeupe ya zinki anaweza kuweka weupe juu ya rangi nyingine, popote, hata baada ya kumaliza.

Sasa tafuta lenzi ya kukuzia, ile ya fundi saa inafaa sana, na uipeleke juu ya aproni bila kuitoa picha kwenye fremu. Fanya hivyo mchana karibu na dirisha, jua lisiipige moja kwa moja.

Ukiona vidoti vidogo vilivyopangwa safu kwa safu, vya bluu, vyekundu na vya manjano, vikijipanga mithili ya viua vidogo, hiyo ni chapa ya mashine, ya kuanzia mwisho wa karne ya 19 hadi leo. Ukiona vidoti visivyo na mpangilio, vya rangi nyingi, kila kimoja kikiwa bapa na chenye ukingo mkali, yaelekea ni chapa ya mawe: kila rangi ilikuwa na jiwe lake, na karatasi ilipita juu ya jiwe baada ya jiwe. Picha za Foster zilichapwa kwa njia hiyo kwa wingi, na nyingine ni nzuri kiasi cha kumdanganya mtu kwa umbali wa hatua mbili. Ukiona unga wa rangi umetuama kwenye vishimo vya karatasi, mistari ya penseli ikichungulia chini ya rangi, na ukingo wa kila doa ukiwa umekolea kuliko katikati, hapo pana mkono wa mtu.

Baada ya hapo washa tochi ya simu uilaze pembeni kabisa, mwanga upite juu ya uso wa picha kama jua la magharibi linavyopita juu ya shamba. Nyeupe ya zinki itainuka kidogo na kutupa kivuli chembamba. Weupe wa karatasi tupu hautainuka. Na kuna uwezekano wa tatu: uso wa karatasi umechubuliwa kwa kisu hadi nyuzi nyeupe zikatokeza. Jibu la aproni katika jaribio hili lina uzito kuliko zile herufi mbili, maana Foster ni miongoni mwa wachoraji wa Kiingereza wa karne yake walioghushiwa sana, na alama ya herufi mbili ni rahisi mno kuiga. Nimeona B na F zilizochorwa vizuri chini ya mchoro ambao hana uhusiano nao hata kidogo. Mtu mwenye subira ya kuchora herufi mara nyingi hana subira ya kuchora shavu kwa vidoti vyote hivyo, kwa hiyo tazama nyuso kwanza.

Na kama aproni ni karatasi iliyoachwa au iliyochubuliwa, na maua nayo yamechubuliwa hivyo hivyo, basi mawazo yangu yanahama kutoka kwa Foster kwenda kwa jirani yake. Simaanishi kwamba mchoro ni wa huyo jirani, ila kwamba umetoka katika njia ya kazi iliyo karibu na yake. Naye anastahili kuelezwa kwa kirefu, kwa sababu swali la pili la barua yako linamhusu kuliko mtu mwingine yeyote.

Anaitwa Helen Allingham. Alizaliwa mwaka 1848 huko Swadlincote, Derbyshire, akiitwa Helen Paterson. Baba yake alikuwa daktari. Mwaka 1862 ulizuka ugonjwa wa dondakoo, ukamwua baba na mdogo wake wa kike. Helen alikuwa na miaka 13. Familia ikahamia Birmingham, na humo akaanza shule ya uchoraji. Mwaka 1867 akaingia shule ya Royal Academy, taasisi kuu ya sanaa ya Uingereza, London, ambako ndugu wa kike wa mama yake, Laura Herford, alikuwa mwanamke wa kwanza kupokewa, mwaka 1860, kwa kazi aliyoitia saini ya herufi za kwanza tu za majina yake, pamoja na jina la ukoo. Helen alichorea magazeti ili aishi, akaolewa mwaka 1874 na mshairi wa Kiayalandi William Allingham, na mwaka 1881 wakahamia Witley, kijiji cha mkoa wa Surrey, ambako Foster alikuwa amejenga nyumba kubwa karibu miaka ishirini kabla. Mwaka 1890 akawa mwanamke wa kwanza kupewa uanachama kamili katika chama kile kile cha rangi za maji.

Huko Witley na vijiji vya jirani Helen aliketi nje, jua au wingu, akachora nyumba za zamani za wakulima, moja baada ya nyingine. Bustani alizichora papo hapo, na ndiyo maana majani yake yana ukweli: unaweza kutambua ua gani limefunguka mwezi gani. Watoto na mama zao aliwaingiza baadaye mara nyingi, kutoka kwenye daftari lake la michoro midogo, akifuta na kuchubua mahali pa kuwaweka. Naomba ulishike jambo hili. Bustani na watoto katika picha za namna hii huenda hawakuwahi kuwa pamoja saa ile. Ua lilikuwa ua la kweli, na mtoto alikuwa mtoto wa kweli, lakini mchoraji ndiye aliyewakutanisha, akamvisha mtoto nguo safi.

Nyumba nazo zilipitia mikononi mwake. Reli ilikuwa imefika sehemu hizo mwaka 1859, na watu wa London wenye fedha walianza kununua nyumba za vijijini. Nyingine walizibomoa, nyingine wakazikarabati hadi zikapoteza sura. Helen aliona dirisha jipya la kioo kikubwa akachora mahali pake lile la zamani la vioo vidogo vya msalaba. Alipoonyesha michoro ya nyumba za Surrey huko London mwaka 1886, mumewe aliandika utangulizi wa kulalamikia kubomolewa kwa nyumba hizo. Kwa hiyo kwenye picha zake kuna kumbukumbu na kuna marekebisho, na mtazamaji wa leo hawezi kuyatenganisha kwa macho tu.

Sasa, waliishi hivyo kweli? Hapana, dada. Lakini picha haikutunga kila kitu, na sehemu ninayoipenda zaidi ni ile ambapo ukweli umepenya bila kukaribishwa.

Tazama maua kwanza. Bustani ya mbele ya nyumba ya kibarua wa shamba ilikuwa ya chakula: viazi, kabeji, maharage, na penye nafasi banda la nguruwe. Maua yalikuwapo, tena watu waliyapenda, ila yalipata pembe iliyobaki. Hata nyasi na kuta za kupendeza zilificha paa linalovuja, sakafu ya udongo wenye unyevu na familia nzima katika vyumba viwili.

Mtoto wa kiume wa familia hiyo alianza kazi mapema. Joseph Arch, aliyekuja kuongoza chama cha vibarua wa mashamba mwaka 1872, alianza akiwa na miaka tisa kwa kufukuza kunguru kwenye ngano, saa kumi na mbili kwa siku kwa ujira wa peni nne. Sisi tunalo neno kamili la kazi hiyo, kuamia, na mtu yeyote aliyewahi kukaa kwenye kichanja cha shamba la mpunga na kombeo mkononi tangu alfajiri anajua kwamba hapo hapana bustani ya maua. Katika baadhi ya wilaya watoto walikusanywa kwa magenge wakapelekwa kupalilia na kuokota mawe mashamba ya mbali. Sheria ya mwaka 1867 ilipiga marufuku walio chini ya miaka minane, na hapo utajua kwamba walikuwamo. Sheria ya elimu ya mwaka 1870 ilileta shule, lakini kuhudhuria hakukuwa lazima nchi nzima hadi mwaka 1880, na hata baada ya hapo mavuno yalipokuja madarasa yalibaki matupu.

Kisha mrudie yule msichana. Mwambie mama atazame mikono yake, jinsi alivyompakata yule mchanga. Picha inatutaka tuone upole wa dada mkubwa, na upole upo. Ila ni kazi pia. Binti mkubwa ndiye aliyekuwa yaya wa nyumba ili mama aende kufua au kuvuna, na kulea wadogo ilikuwa moja ya sababu kubwa zilizowaweka wasichana mbali na shule. Sina haja ya kumfafanulia mama jambo hilo. Nadhani na yeye alibeba mdogo wake mgongoni. Ndivyo zilivyo picha nyingi za Foster: mtoto aliyebeba kuni, mtoto anayeokota masuke yaliyoachwa shambani, mtoto anayechunga kondoo, mtoto mwenye kikapu cha matunda ya porini ambayo pengine yatauzwa. Kazi imo kila mahali. Kilichoondolewa ni uchovu, na tope alilolitafuta mama yako.

Kwa nini viliondolewa? Fikiri nani alinunua. Hesabu ya watu ya mwaka 1851 ilionyesha kwa mara ya kwanza kwamba watu wa mijini Uingereza na Wales wamewazidi wa mashambani. Wanunuzi wa michoro hii midogo walikuwa hasa watu wa miji hiyo, wenye viwanda, wafanyabiashara, mawakili, waliokaa kwenye moshi wa makaa na kuvuta pumzi ya masizi. Bibi zao walitoka vijijini. Walitaka ukutani kitu kidogo kinachowaambia kwamba kule kulikotoka ukoo kungali salama. Mwaka 1883 John Ruskin, mhakiki mwenye sauti kubwa kuliko wote, alitoa mhadhara Oxford juu ya Helen Allingham na rafiki yake Kate Greenaway, mchoraji wa vitabu vya watoto, na sifa mojawapo aliyoitoa juu ya nchi aliyoichora Greenaway ni kwamba haina reli ya kuwachukua watoto wala mdomo wa mgodi wa kuwameza. Mtu husifu hivyo pale tu ambapo reli na migodi imeshamzunguka.

Greenaway mwenyewe alikwenda mbali zaidi. Kitabu chake cha kwanza cha mwaka 1879 kilichapwa na Edmund Evans, ambaye alijifunza kazi pamoja na Foster kwa Landells na baadaye akaishi Witley hiyo hiyo. Nakala 20,000 za kwanza ziliisha. Watoto wake walivaa magauni ya kiuno cha juu na kofia za kitambaa za zamani za bibi zao, mtindo uliokuwa umekufa tangu mwanzo wa karne, na wazazi matajiri wakaanza kuwashonea watoto wao nguo hizo. Ukikutana na picha ambayo watoto wamevaa hivyo, usiitumie kukisia mwaka. Nguo hizo zilikuwa ndoto tangu siku ya kwanza.

Jambo moja zaidi, nalo nalitamka kwa uangalifu. Uingereza ya wakati huo, kati ya watoto elfu moja waliozaliwa, kama 150 hawakufika mwaka mmoja. Nyumba nyingi, za matajiri na za maskini, zilikuwa na kaburi dogo. Foster alifiwa na mke wake wa kwanza mwaka 1859, akaachwa na watoto wadogo, miaka ile ile alipoanza kuchora watoto wenye mashavu mekundu kando ya ua wa miti. Helen aliwazika baba na mdogo wake akiwa na miaka 13. Sisemi kwamba kila aproni nyeupe ni sanda iliyogeuzwa. Lakini wanaoziita picha hizi utamu wa bure wa maboksi ya biskuti, na wahakiki wengi wa karne ya 20 wamesema karibu hivyo, hawajakaa na picha moja saa nzima. Mtu aliyeona dondakoo likipita nyumbani kwao anapochora mtoto mnene, mzima, aliyekaa juani na dada yake, anajua anachokichora. Kwa maoni yangu picha hizi zinasema uongo kuhusu kazi na umaskini, na kwa hilo zinastahili lawama. Kuhusu hamu ya mtu mzima kumwona mtoto akiwa hai na ameshiba, sioni uongo.

Nimalizie na utunzaji, kwa kuwa Tanga si Uingereza na karatasi inajua hivyo. Mwaka 1888 wanasayansi wawili, Russell na Abney, walitoa taarifa iliyothibitisha kwamba mwanga huua rangi nyingi za maji, tena pamoja na unyevu huziua haraka zaidi. Wewe unavyo vyote viwili. Usiitundike kwenye ukuta unaopokea mvua upande wa nje, wala mkabala na dirisha, wala juu ya jiko. Weka vipande vya kizibo nyuma ya pembe za fremu ili hewa ipite kati yake na ukuta. Kama nyuma kuna ubao wa mbao na karatasi nene inayozunguka picha imepata mstari wa kahawia ukingoni, ni asidi, inapaswa kubadilishwa na mtu anayejua kazi, siyo fundi wa fremu wa sokoni mwenye gundi na haraka. Madoa madogo ya rangi ya kutu usiyafute. Kioo usikipulizie dawa. Na tafadhali mtu yeyote asikushauri kupitisha pamba yenye maji juu ya uso wa picha ili "iamke": kama ni mchoro wa mkono, gundi ya mgunga itayeyuka na shavu la mtoto litabaki kwenye pamba.

Mbingu ya picha ikiwa na wekundu wa ajabu, usidhani ni machweo. Wachoraji wengi walichanganya nili na nyekundu ya udongo kupata kijivu cha wingu. Nili hufifia, nyekundu hubaki. Siku itakapofunguliwa na mtaalamu, tazama ukanda mwembamba uliofichwa na ile karatasi nene pembezoni: hapo utaiona bluu ya siku ya kwanza.

Ukishapita na lenzi na tochi, nitumie picha tatu: ya aproni kwa karibu, ya uso wa msichana kwa karibu, na ya mgongo wa fremu. Kama kuna karatasi yoyote imebandikwa nyuma, yenye namba, jina la duka au mwandiko wa penseli, usiibandue hata kama imechakaa.